Kupiga mabosi peke yako kwenye Old School RuneScape ukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wachezaji wa Mwanga, Gungu na Ujiji, na wachache wa Kasulu na Manyovu. Karibu wote wanacheza kwa simu. Nimeyapanga kuanzia ya mgeni hadi ya aliyekwisha kufa mara nyingi. Jibu likitegemea jibu jingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kupiga solo ni nini hasa, na kwa nini mtu ajitese?

Ni kuingia kwa bosi, yaani adui mkubwa wa mchezo, bila mwenzako wa kupunguza damu yake wala wa kupokea mapigo kwa niaba yako. Damu yote ya bosi unaimaliza wewe, na kila kosa unalilipia mwenyewe.

Mkiwa wengi kwa bosi mmoja, kwa kawaida mzigo, yaani vitu anavyodondosha bosi, unamwendea aliyepiga damu nyingi zaidi, na mgeni mara nyingi si yeye. Halafu kuna suala la kungojana: kikundi cha watu wanne hapa Kigoma maana yake ni mabando manne, chaji nne na nyumba nne ambazo umeme unaweza kuondoka wakati wowote. Ukiwa peke yako unahangaika na chaji moja tu.

2. Huu mchezo ni upi, na simu yangu itauweza?

Old School RuneScape unatengenezwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya mwaka 2007, na toleo la simu likatoka Oktoba 2018. Picha zake ni za kizamani, na hiyo ndiyo bahati yetu: simu inayoganda kwenye gemu za kisasa huubeba huu bila shida. Akaunti ni moja kwa simu na kompyuta, kwa hiyo unaweza kuanza safari kwenye kompyuta ya kaka yako na kumalizia kitandani.

3. Lazima nilipie ndipo nipige mabosi?

Hapana. Bila kulipa unampata joka Elvarg, jitu Obor na Bryophyta. Wengine niliowataja humu (Giant Mole, Scurrius, King Black Dragon, Jad, Zulrah, Vorkath) ni wa wanachama.

Uanachama unaweza kuupata hata bila kutoa shilingi: kuna kitu kiitwacho bond kinachouzwa kwenye soko la ndani ya mchezo, Grand Exchange, kwa dhahabu ya mchezo, na bond moja inakupa siku 14. Lakini dhahabu inayohitajika ni nyingi. Mtu anayeanza leo asifikirie bond. Apige Obor kwanza.

4. Kaka, levo ngapi zinatosha?

Hili ndilo swali linaloongoza, na nadhani linaulizwa upande usiofaa. Wengi wanakesha wakipandisha Attack na Strength, ustadi wa kupiga, wanafika kwa bosi wakiwa na mkono mzito, wanakufa ndani ya dakika moja. Kinachowaua ni Prayer ndogo, yaani ustadi wa sala za kukukinga.

Levo tatu za Prayer ndizo za kukariri. Ya 37 inafungua Protect from Magic (kinga ya uchawi), ya 40 Protect from Missiles (ya mapigo ya mbali), na ya 43 Protect from Melee (ya mapigo ya karibu). Sala hizi dhidi ya mabosi wengi hazipunguzi pigo, zinalizuia lote. Nikiambiwa nichague kati ya mchezaji mwenye Attack 70 na Prayer 20, na mwingine mwenye Attack 50 na Prayer 43, nampa wa pili bila kufikiri. Atachelewa kumaliza, lakini atamaliza.

Prayer inapanda kwa kuzika mifupa. Inachosha, najua.

5. Tiki ni nini? Kila mtu anaitaja na hakuna anayeieleza.

Mchezo huu hauendi mfululizo kama mpira wa kwenye simu. Unakwenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, na pigo hilo ndilo tiki. Ukigusa kioo mara tano ndani ya tiki moja, seva inasubiri tiki ifike ndipo itekeleze. Upanga wa scimitar unapiga kila baada ya tiki 4, yaani sekunde 2.4. Jad anapiga kila baada ya tiki 8.

Faida ya kulijua hili ni kubwa kuliko levo kumi. Bosi wa mchezo huu hashtukizi, anahesabika. Ukishajua anapiga baada ya tiki ngapi, unajua lini pa kula, lini pa kubadili sala na lini umepata nafasi ya kurudisha pigo. Kula nako kuna gharama: chakula cha kawaida kinachelewesha pigo lako linalofuata kwa tiki 3. Anayekula kwa woga kila akipungukiwa kidogo anaishia kuwa na tumbo limejaa na bosi mwenye damu kamili.

## Mtandao, umeme na simu

6. Seva ziko Ulaya. Ping ya huku si itaniua?

Haitakuua. Ping ni muda wa mguso wako kwenda kwenye seva na kurudi. Chagua ulimwengu (seva ya mchezo) wa Uingereza au Ujerumani badala ya Marekani au Australia. Orodha ya kuchagulia inaonyesha nchi. Ping ikiwa milisekunde 250, bado iko chini ya nusu ya tiki moja. Katika gemu za bunduki hiyo ni hukumu ya kifo, hapa unacheza kama kawaida.

Kinachoua ni mtandao unaoyumba: unakwenda vizuri, unaganda sekunde nne, unarudi. Kabla ya kuingia kwa bosi, simama mahali salama utembeetembee kwa muda. Mhusika wako akiruka kutoka hapa hadi pale badala ya kutembea, usiingie. Hama chumba, au toka nje kabisa. Nyumba za bati zilizobanana wakati mwingine tofauti ya hatua kumi inatosha.

7. Umeme au mtandao ukikatika katikati ya pambano inakuwaje?

Mhusika wako hatoweki hapo hapo. Anabaki amesimama kwa muda akipigwa, na kama umewasha kujibu mapigo kwa hiari yake, naye anajibu. Ndiyo maana kuzima data ukizidiwa si ujanja wa kutorokea.

Kwa umeme, simu ina nafuu kuliko kompyuta: taa zikizimika wewe unaendelea. Tatizo ni pale umeme ulipoondoka tangu asubuhi na una chaji asilimia 20. Pawabenki iliyojaa ni sehemu ya maandalizi sawasawa na samaki. Na kama unatumia intaneti ya nyumbani inayotegemea umeme, weka data ya simu tayari kabla ya kuingia. Yatakayotokea ukishakufa yako swali la 17. Kwa Jad tazama la 16.

8. Saa ngapi ni nzuri kupiga?

Usiku wa manane, wenye mtaa wakishalala na bando la usiku likiwa limeanza. Mchezo wenyewe ukishaupakua hauli data nyingi, ukilinganisha na video hata haionekani, ila usiku mtandao unatulia.

Jiepushe na Jumatano mchana. Maboresho ya kila wiki hufanyika siku hiyo saa za asubuhi kuelekea mchana kwa Uingereza, kwetu ni kama saa saba na nusu au saa nane na nusu kutegemea msimu wao. Seva zinafungwa na wote mnatolewa. Tangazo la kuhesabu muda huonekana kwenye kioo, lakini ukiwa umemkodolea bosi macho huwezi kuliona.

9. Nikipigiwa simu nikiwa ndani?

Weka simu kwenye hali ya kutosumbuliwa. Simu nyingi za laini mbili zina tabia moja mbaya: ukipokea mazungumzo kwenye laini isiyo na bando, data ya laini nyingine inasimama. Usipopokea, kioo cha mpigaji kinafunika mchezo hata hivyo. Wale ambao lazima wapatikane muda wote, wapige mabosi mafupi kama Obor tu.

10. Niko Manyovu, simu inajihamisha kwenda mtandao wa Burundi.

Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, zima uchaguzi wa kujiendea na uchague mtandao wako kwa mkono. Zima pia data ya nje ya nchi, vinginevyo salio litaisha kabla ya bosi.

## Maandalizi

11. Begi nipange vipi?

Begi lina nafasi 28 na kosa la kawaida ni kuzijaza zote silaha. Kwa asiyelipia, begi zuri ni dawa moja ya Strength, kifaa anachohitaji bosi husika (swali la 14 lina mfano unaoliza watu), na kinachobaki ni chakula. Swordfish inarudisha damu 14. Anchovy pizza inarudisha 9 kwa kila nusu, jumla 18 kwa nafasi moja, kwa hiyo kwa hesabu ya nafasi inaishinda. Wanachama wana shark, 20.

Panga chakula upande ambao kidole gumba chako kinafika bila kuangalia. Kwenye simu hili si urembo. Sala nazo ziweke kwenye sala za haraka, ule mduara ulio karibu na ramani ndogo, ili mguso mmoja uziwashe.

12. Nianze na nani kabisa kabisa?

Anza na mabosi wa kwenye kazi za hadithi (quest), kwa sababu wanafundisha tabia moja moja. Delrith ana levo 27 na anahitaji upanga wa Silverlight. Akidhoofika unatamka maneno matano kwa mpangilio, ukikosea anarudi na nguvu. Count Draynor, levo 34, hafi bila kigingi na nyundo, na kitunguu saumu kinamdhoofisha. Hao wawili wanakufundisha kusoma kabla ya kupiga.

Kisha Elvarg, levo 83, damu 80. Huyu ndiye mtihani halisi wa kwanza, na unahitaji alama 32 za kazi ndipo upewe safari. Usimsogelee bila ngao ya kuzuia moto anayotoa Duke Horacio wa Lumbridge. Ukifika kisiwani Crandor, kabla hujamgusa joka, teremka pangoni ukafungue mlango wa siri unaotokea Karamja. Ukifa, utarudi kwa miguu kupitia hapo badala ya kuanza upya habari za mashua na mbao. Wengi wanajua mlango huo baada ya kufa.

## Mabosi wenyewe

13. Obor: nimepata ufunguo, sasa?

Usikimbilie. Ufunguo wake unadondoshwa na majitu ya Hill Giant kwa wastani wa mara moja kati ya 128, na ufunguo mmoja ni pambano moja. Ukifa au ukitoka, umekwenda. Kwa hiyo kagua mtandao kama ilivyo kwenye swali la 6, jaza chaji, ndipo uingie.

Obor ana levo 106 na damu 120. Ukiwa mbali anakurushia mawe, ukiwa karibu ana rungu linaloweza kukusukuma. Mimi huwasha Protect from Missiles nikitumia upinde kwa mbali, na napenda njia hiyo kwa mgeni kwa sababu inampa muda wa kuona kinachoendelea. Prayer ikikaribia kwisha na yeye bado ana nusu, piga kwa nguvu zote na ule, usijaribu kuitunza.

14. Bryophyta mbona hafi?

Hukubeba shoka.

Bryophyta, levo 128 na damu 115, anaita vijimea vitatu, na vikiwa hai yeye hadhuriki kabisa. Vijimea navyo havipigwi hadi mwisho kwa silaha ya kawaida: vikikaribia kufa, unavimalizia kwa shoka ya kukatia miti, hata ya shaba. Ikae begini tu. Ufunguo wake unatoka kwa Moss Giant, wastani wa mmoja kati ya 150, na unatumika mara moja kama wa Obor. Kukaa siku kadhaa ukiutafuta, kisha ukafika pale bila shoka, kunauma kuliko kufa.

15. Nimelipia uanachama. Nani anafuata?

Giant Mole chini ya bustani ya Falador anapiga kwa karibu tu, hivyo Protect from Melee inamfunga. Usumbufu wake ni kwamba akipungua damu anachimba na kutokea kwingine, unabaki kumtafuta gizani; beba taa.

Lakini anayefundisha vizuri zaidi ni Scurrius, panya mkubwa aliyewekwa Januari 2024 kwenye mitaro ya Varrock. Anatumia aina zote tatu za mapigo, anaangusha mawe kutoka juu hivyo lazima usogee, na anaita panya wadogo. Unaweza kuingia chumba chako binafsi, hakuna wa kukuingilia. Akikuua mara nyingi ndiyo vizuri, kwa sababu kila anachofanya utakikuta tena kwa wakubwa. Ningemweka kila mtu hapa kabla ya Jad.

16. Jad. Nimefika, natetemeka, nakufa.

Fight Caves ni pango lenye mawimbi 63 ya maadui, wa mwisho ni TzTok-Jad, levo 702. Unaingia peke yako, hakuna njia nyingine. Pigo lake linaweza kufika 97, na hakuna mchezaji mwenye zaidi ya damu 99 za kawaida, kwa hiyo habari ya kula ili kuvumilia isahau. Ni sala au kaburi.

Tazama miguu yake. Akijiinua na miguu ya mbele ikaning'inia, ni uchawi: Protect from Magic. Akikanyaga chini kwa miguu ya mbele, ni jiwe litakalokuangukia: Protect from Missiles. Pigo halifiki papo hapo. Una muda wa kama tiki mbili hivi tangu uone ishara. Kwa hiyo usibahatishe mapema. Subiri, ona, gusa. Usimkaribie kabisa, akiwa jirani anaongeza pigo la tatu. Na zima muziki ukitaka, lakini acha sauti za mchezo, sikio linasaidia pale jicho linapochoka.

Akifika nusu ya damu wanatokea waganga wanne, Yt-HurKot, wanaomrudishia damu. Hapa ndipo wengi wanafia: macho yanawafuata waganga, Jad anakanyaga, kwisha. Mpige kila mganga mara moja tu ili akufuate wewe, na kati ya mganga mmoja na mwingine rudisha jicho kwa Jad. Si lazima uwaue.

Kabla yake, usiwadharau Ket-Zek, maadui wa uchawi wa mawimbi ya mwisho. Wimbi la 62 wapo wawili. Wazuie kwa Protect from Magic na jifiche nyuma ya mwamba mrefu ambao wachezaji huuita Italy Rock, uwachukue mmoja mmoja.

Safari nzima inaweza kuzidi saa moja, na kwa chaji ya Kigoma hilo ni jambo. Unaruhusiwa kutoka: ukigusa kitufe cha kutoka mara moja, mchezo utakutoa wimbi likiisha na utaendelea hapo hapo ukirudi. Mtandao ukikatika katikati, kwa kawaida unarudia wimbi ulilokuwa nalo, kama hujauawa ukiwa umesimama. Habari njema ni kwamba kufa humu hakukupotezei vitu, unapoteza muda.

## Mambo ya pembeni

17. Nikifa, vitu vyangu vinakwenda wapi?

Kwa kawaida vitu vitatu vya thamani zaidi unabaki navyo, vingine vinakaa kwenye kaburi kwa dakika 15. Ukichelewa, unavikuta kwa mhusika aitwaye Death ofisini kwake na unalipa ada. Hesabu inabadilika ukiwa Wilderness, eneo ambako wachezaji wanaweza kuuana, na ukiuawa na mchezaji mwenzako: hapo vinachukuliwa. Zulrah naye ana utaratibu wake wa kurudishia vitu, usome kabla ya kwenda.

18. King Black Dragon anaonekana rahisi, kwa nini mnakataza?

Joka lenyewe, levo 276, linapigika ukiwa na ngao ya moto na dawa yake. Kinachokatazwa ni njia. Inapita Wilderness ambako wachezaji wengine wanakuvizia, na juu ya levo 20 za huko njia nyingi za kujihamisha hazifanyi kazi. Ukienda, beba vitu ambavyo hutalia vikichukuliwa.

19. Kuna mtu ananiambia nimpe akaunti anipigie Jad, au ananiuzia dhahabu kwa pesa ya simu.

Usimpe. Kutoa akaunti na kununua dhahabu nje ya mchezo vyote vimekatazwa, sawa na programu za kujigusia kioo zenyewe, na adhabu ni kufungiwa. Hata asipokuibia, fire cape (joho la zawadi ya kumshinda Jad) iliyopigwa na mtu mwingine haitakusaidia chochote ukifika kwa Zulrah. Anayejitolea kukushika mkono ndani ya Wilderness naye mwogope vilevile.

20. Je, nicheze Hardcore Ironman?

Mwenye maisha moja, na umeme huu? Cheza Ironman wa kawaida, yaani akaunti isiyofanya biashara na wachezaji wengine.

21. Nimempiga Jad. Sasa Zulrah, Vorkath au Nex?

Zulrah ni nyoka anayebadilika rangi na sehemu kwa mizunguko minne inayojulikana. Kariri mizunguko kwenye karatasi, kwa sababu kwenye simu huwezi kufungua mwongozo na mchezo kwa pamoja kwa raha. Vorkath, levo 732, anahitaji umalize Dragon Slayer II. Akianza kurusha moto mfululizo huku sakafu imejaa sumu, kazi yako ni kutembea tu bila kusimama. Mtandao unaoganda hapo ni msiba, kwa hiyo Zulrah kwanza. Nex ametengenezwa kwa vikundi. Muache.

22. Mimi ni mzazi. Kijana wangu nikimtuma dukani anasema bosi hasimamishiki. Ananidanganya?

Mama, hakudanganyi. Mchezo huu uko kwenye seva, hauna kitufe cha kusimamisha, na akiweka simu chini anauawa. Lakini mapambano mengi ni ya dakika chache. Anayesema saa nzima huenda yuko Fight Caves, na huko anaweza kutoka wimbi likiisha bila kupoteza alichofanya. Mwambie aguse kitufe cha kutoka mara moja, amalize wimbi alilonalo, aje achukue pesa ya dagaa. Mwaka wa kuzaliwa pia muulize: akaunti inataka umri wa miaka 13 na kuendelea.